Mgongo Wazi: Jina Lenye Ukweli Mchungu

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha isimu: je, "mgongo wazi" ni dhihaka au ni jina la chakula? Wenzake waliangua kicheko. Nilimjibu kwamba ni yote mawili.

Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amechangia pakubwa kuangamiza aina nyingi za fulu, wale samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha kila siku. Hapo mwanzo hakupendwa: alikuwa na mafuta mno, hakukaushika vyema juani, na kumbanika kulihitaji kuni tele. Kisha vikaja viwanda. Minofu ikapelekwa Ulaya. Kichwa, uti wa mgongo na mkia wakauziwa akina mama. Mtaani Obunga, Kisumu, mabaki hayo hukaangwa yakawa mlo wa maelfu. Walaji wenyewe ndio walioyabatiza mgongo wazi, mithili ya vazi lililoachwa wazi nyuma. Watanzania husema mapanki.

Mwaka 2022, jimbo la Illinois nchini Marekani liliwapa samaki wavamizi kutoka Asia jina jipya, Copi, ili watu wasione kinyaa kuwala. Jina hilo lilibuniwa kwa ajili ya soko. Letu lilizaliwa sokoni, nalo halimfichi mtu kwamba nyama imekwisha kwenda kwingine.

Msomaji asidhani kwamba nadharau chakula hiki. Nimekila mara nyingi, na kichwa cha mbuta hakina mfano. Ninalohofia ni kwamba hata mifupa sasa ina washindani. Watengenezaji wa chakula cha kuku huitaka pia. Ziwani nako mbuta wachanga huvuliwa kabla hawajafikia sentimita 50 zilizowekwa na sheria, na kiwanda kikikosa samaki, karai la Obunga nalo hukosa cha kukaanga.

Baada ya kipindi, mwanafunzi yule alibaki nyuma. Alinieleza kwamba karo yake yote, tangu kidato cha kwanza, ilitoka katika karai la mamaye. Wiki hiyo mama alikuwa amerudi kutoka kiwandani siku mbili mfululizo na beseni tupu.