Mbichi, Nyevu au Imelowa? Tofauti za Maana katika Maneno ya Hali ya Maji

Makala haya yanadhamiria kuchunguza tofauti za maana baina ya maneno machache ya Kiswahili yanayotaja hali ya kitu kuwa na maji: -bichi, -nyevu, lowa, loweka na tota. Aghalabu maneno haya huchukuliwa kuwa visawe, na wanafunzi wengi huyabadilishana bila kujali. Mifano imetolewa katika kilimo cha kahawa cha eneo la Thika na Ruiru, ambako Witeithie ipo kando ya barabara kuu. Jina la mji huo kwa Kikuyu lina maana ya "jisaidie". Ingawa mashamba mengi ya huko yamegeuzwa kuwa viwanja vya nyumba, msamiati wa kahawa ungali hai.

Tuchukue sentensi moja: "Kahawa hii bado ni mbichi." Anayeisikia akiwa shambani ataelewa kwamba matunda hayajaiva, kwa hiyo yasichumwe. Mbele ya vitanda vya kukaushia, sentensi hiyohiyo ina maana kwamba punje hazijakauka. Jikoni, ni kwamba hazijakaangwa. Maana zote tatu ni sahihi. Kinachoziunganisha ni kwamba -bichi hutaja kitu ambacho bado kina maji yake ya asili au hakijafikia ukamilifu wake. Ndiyo maana kuni mbichi si sawa na kuni zilizolowa. Za kwanza zina utomvu wa mti wenyewe nazo huhitaji majuma mengi kukauka, ilhali za pili zimenyeshewa tu na huenda zikawaka jioni hiyohiyo. (Nguo iliyofuliwa nayo huitwa mbichi, jambo linaloonyesha kwamba mpaka huu haukuchorwa kwa rula.)

Kitenzi lowa, ambacho wengine hutamka rowa, huhusu maji yanayotoka nje na kukipata kitu, mara nyingi pasipo kukusudiwa. Loweka, kinyume chake, hubeba nia na muda. Maharagwe hulowekwa usiku kucha. Mtu aliyenyeshewa amelowa, na hakuna asemaye kwamba amelowekwa. Katika kiwanda cha kahawa tofauti hii ina thamani ya pesa. Baada ya kumenywa, punje huachwa katika matangi hadi ute wake uchachuke na kulegea, kisha huoshwa. Nchini Kenya aghalabu hulowekwa tena katika maji safi ili kuboresha ladha yake. Kahawa hiyohiyo ikinyeshewa ikiwa vitandani, imelowa, na ubora wake huwa hatarini. Msimu mkuu wa mavuno katika eneo hili, Oktoba hadi Desemba, huangukia mvua za vuli.

Kuhusu kiwango, Kiswahili hutegemea zaidi takriri na viigizi. Kitu hulowa chepechepe au chapachapa. Tota huenda mbali zaidi, kwa maana maji yamepenya hadi ndani. Si ajabu kwamba kitenzi hicho hutumiwa pia kwa chombo kinachozama. Upande wa pili wa mizani kuna -nyevu, yaani maji kidogo yasiyodondoka wala kuonekana, ila huhisiwa kwa mkono.

Hapa ndipo ugumu wa mfasiri unapoanza. Wataalamu wa kahawa huugawa ukaushaji katika hatua sita. Punje zilizotoka kuoshwa huwa na maji yapatayo asilimia 55 ya uzito wake, nazo hazifai kuwekwa ghalani kabla ya kushuka hadi asilimia 11 hivi. Katika hatua ya pili, kati ya asilimia 44 na 33, jua kali hupasua ganda, hivyo basi punje hufunikwa saa za mchana. Zinazofuata hutajwa kwa weusi wa punje na ugumu wake. Mfasiri anayeandika "kausha kahawa ikiwa bado mbichi" amezifunika hatua nne au tano kwa neno moja, na mkulima hataweza kujua ni lini afunike na ni lini aanike. Inafaa -bichi liachiwe matunda yasiyoiva, "iliyolowa" itumike kwa punje zilizotoka majini, na -nyevu kwa zile zilizokaribia kukauka, huku asilimia ikitajwa kila inapowezekana.

Tahadhari kubwa iko katika neno hilo la mwisho, kwa kuwa kitu kinyevu hudanganya macho. Punje zenye asilimia 15 huonekana kavu. Zikifungwa ndani ya gunia huota ukungu, neno ambalo pia hutaja lile tandabui jeupe la asubuhi juu ya mabonde. Rutuba nayo ina historia ya aina hiyo. Kwa Kiarabu asili yake ni unyevu, lakini mkulima wa leo akiitaja huwa anafikiria udongo wenye mbolea, hata ukiwa mkavu kama jivu.