Dola, ushuru, soko huria: maneno ya taarifa ya habari tukiyatafuta Feri na Kariakoo

Kila jioni kwenye taarifa ya habari yanapita maneno ambayo sisi watangazaji hudhani kila mtu anayajua: dola, ushuru, tozo, soko huria, mfumuko wa bei. Wasikilizaji wa vijijini hutuuliza kwa ujumbe wa simu, na maswali yao ni ya msingi. Kwa nini gunia langu lisimamishwe kizuizini wakati tulitangaziwa ushuru umepunguzwa? Mfumuko umeshuka, mbona sukari haijashuka?

Tumeona tuyaeleze mahali yanapoonekana kwa macho: Feri, kwenye soko la samaki la Magogoni kinapofunga kivuko cha Kigamboni, kisha Kariakoo, mwendo usiozidi saa moja kwa miguu.

Tuanze na dola, kwa sababu neno hili lina sura mbili. Ukiwa Feri, Ikulu ya Magogoni iko jirani, na jengo la Benki Kuu haliko mbali. Dola ya Benki Kuu ni fedha ya Marekani. Dola ya Ikulu ni kitu kingine: ni nchi pamoja na mipaka yake, watu wake, sheria zake na nguvu ya kuzisimamia. Ndiyo maana polisi na jeshi huitwa vyombo vya dola. Serikali ni wale wanaoiendesha dola kwa kipindi fulani. Mwaka 1995 Rais Mwinyi alimwachia Rais Mkapa. Serikali ilibadilika, lakini mipaka, madeni na mikataba ya Tanzania ilibaki vilevile, kwa kuwa hivyo ni vya dola. Na serikali yenyewe ni mmoja tu wa mihimili mitatu. Mingine ni Bunge, linalotunga sheria, na Mahakama, inayoamua mashauri.

Kuna Serikali Kuu na kuna serikali za mitaa, na hapa Feri tofauti yake unaipima kwa hatua chache. Soko la samaki liko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo hadi Februari 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala. Kivuko kilichoegeshwa pembeni ni cha TEMESA, wakala wa Serikali Kuu. Mtaro wa soko ukiziba, mlalamikie diwani, maana ndiye aliyechaguliwa kukaa kwenye baraza la halmashauri. Injini ya kivuko ikizima, diwani anaweza kukuonea huruma tu. Mkuu wa wilaya naye hakuchaguliwa kwa kura; huteuliwa na Rais na humwakilisha yeye. Mfumo huu una historia: mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kabisa, mambo yakaendeshwa kwa mpango wa madaraka mikoani, na ni sheria za mwaka 1982 zilizozirudisha.

Sasa fedha, ambapo maswali ni mengi zaidi.

Kodi ni malipo unayotoa kwa sheria bila kupewa kitu cha moja kwa moja mkononi. Ushuru mara nyingi hutozwa kwenye bidhaa, ama inapopita mpakani, ndiyo forodha, ama inapouzwa sokoni au kutoka shambani. Ada hulipia huduma fulani, kama leseni. Tozo ni makato yanayowekwa kwenye kitu au tendo maalumu. Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya huchanganywa, na hata wakubwa huyachanganya. Kwa maoni yetu, swali la maana kuliko jina ni hili: fedha hii inakwenda kwa nani?

Mchuuzi wa Feri aliyenunua beseni la vibua hulipa ushuru wa soko, na fedha hiyo ni ya halmashauri. Mwenye duka Kariakoo hulipa kodi ya mapato kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, iliyoanza kazi mwaka 1996. Kama amesajiliwa, hukusanya pia Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Tumesema hukusanya, hatukusema hulipa. Shati la 20,000 linauzwa 23,600, na ile 3,600 umeitoa wewe mnunuzi. Mwenye duka ni mpokeaji wa njiani tu. Usipodai risiti, 3,600 yako inaweza kubaki mfukoni mwake.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia namna kikosi kazi cha kodi kilivyokuwa kikiwakagua, hadi Waziri Mkuu Majaliwa akaenda kuzungumza nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, na safari hiyo mgomo ukafika miji mingine. Msikilizaji wa Kilombero au Kasulu asiuone huo kuwa ugomvi wa watu wa mjini. Duka la kijijini kwenu linachukua mzigo mjini, mji unachukua Kariakoo, na wateja wa Kariakoo hutoka hadi Zambia na Kongo.

Tozo inayokumbukwa zaidi vijijini ni ile ya miamala ya simu. Ilianza Julai 2021, watu wakalalamika sana, na Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa. Ilipunguzwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 tozo ya kutuma fedha ikaondolewa. Ile ilikuwa ya Serikali Kuu, wala wakala wako wa kijijini hakuwa na uamuzi wowote juu yake, ingawa yeye ndiye aliyesemwa.

Ushuru wa mazao, kwa upande mwingine, ni wa halmashauri. Bajeti ya mwaka 2017/18 iliushusha kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Bajeti hiyohiyo iliondoa ushuru kwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa hiyo ukisimamishwa kizuizini na magunia manane ya kilo mia mia, una haki ya kuuliza unatozwa kwa kifungu gani, na kudai stakabadhi. Uliza kwa adabu. Kama hukuridhika, lipeleke jambo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kuitwa angalau kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake.

Turudi kwenye samaki. Soko hili lilijengwa kwa msaada wa Japani, na alfajiri kuna mnada. Dalali anapaza sauti, wanunuzi wanapandishiana, mwenye fedha nyingi anaondoka na mzigo. Wataalamu wa uchumi huliita jambo hili ugavi na mahitaji. Ugavi ni samaki walioletwa. Mahitaji ni wanunuzi walio tayari na fedha zao. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali dagaa hupungua na ndoo hupanda bei. Hakuna aliyekaa kikao kuipandisha. Ni hivyohivyo kwa nyanya zako: wilaya nzima ikivuna wiki moja, bei inaanguka hata kama ulitumia mbolea ileile.

Bei ya namna hii, inayoamuliwa na wauzaji na wanunuzi, ndiyo soko huria. Haina maana kwamba hakuna sheria. Mafuta ya petroli ni soko huria, lakini kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, yaani bei ambayo kituo hakiruhusiwi kuivuka. Kuuza chini yake si kosa.

Hatukuwa na soko huria siku zote, na Kariakoo inayo hadithi hiyo. Februari 1967 Azimio la Arusha liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Benki na kampuni kubwa za biashara zikataifishwa. Jengo kubwa la soko la Kariakoo ni tunda la zama hizo. Lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, likiwa na ghorofa ya chini ya ardhi na paa lenye maumbo kama miavuli iliyopinduliwa, ya kukinga maji ya mvua. (Jengo hilo liliungua Julai 2021.) Miaka michache baada ya kufunguliwa, vita vya Kagera na bei ya mafuta ya dunia viliibana nchi. Sukari na sabuni zikawa za foleni. Hapo likaja neno uhujumu uchumi: mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Sokoine, ulifanyika msako wa walanguzi na waficha bidhaa, na sheria maalumu ikatungwa. Mwaka uliofuata watu wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na mwaka 1986 serikali ya Mwinyi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ndipo wazee wakaanza kumwita Mzee Ruksa.

Jina Kariakoo lenyewe ni somo la historia ya dunia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana huku kwetu, na mizigo ilibebwa na Waafrika kichwani. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yake ilikuwa hapa. Midomo yetu ikalifanya Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa.

Baada ya vita Ujerumani ilinyang'anywa makoloni. Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza chini ya Ushirika wa Mataifa, na kuanzia 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kenya ilikuwa koloni. Kwa mpagazi aliyerudi nyumbani akakuta kodi ya kichwa inamsubiri, tofauti ilikuwa ndogo. Lakini katika udhamini mtawala alitakiwa kutoa taarifa, na wananchi waliweza kupeleka malalamiko. Ndiyo njia aliyoitumia Nyerere mwaka 1955 alipokwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini, mwaka mmoja tu baada ya TANU kuzaliwa katika mtaa unaoitwa leo Lumumba, kandokando ya Kariakoo.

Imebaki sukari. Mfumuko wa bei ni kasi ambayo bei zinapanda nayo. Chukua sahani ya wali samaki kwa mama lishe wa Feri, kwa mfano wetu wa kubuni. Mwaka jana 3,000, mwaka huu 3,300: mfumuko ni asilimia 10. Mwakani ikiwa 3,465, mfumuko ni asilimia 5. Ofisi ya Taifa ya Takwimu itasema mfumuko umeshuka kwa nusu, na itakuwa imesema kweli. Wewe utalipa 165 zaidi, nawe utakuwa umesema kweli. Na sukari ni bidhaa moja tu katika kapu lenye bidhaa nyingi wanalolipima. Inaweza kupanda wakati nauli na vitambaa vimetulia. Bei zenyewe zikishuka kwa ujumla, mfumuko huandikwa chini ya sifuri.