Shahe si nguo tu: namna dini zilivyoshuka bandarini Guangzhou

Kwa mwenye duka la nguo, Shahe ni soko la jumla. Lipo wilaya ya Tianhe, jijini Guangzhou. Kazi huanza kabla ya alfajiri, mikokoteni inapishana na magunia ya mzigo, na ikifika mchana maduka mengi yameshafungwa. Familia zetu zinazofuata mzigo China zinalijua vizuri.

Lakini ukitazama chini, karibu na meza ya pesa, katika maduka mengi ya Guangzhou utaona kitu kingine: kijumba kidogo chekundu, taa, machungwa mawili matatu na vijiti vya udi vinavyofuka moshi. Mtoto akiwepo lazima atauliza, "Hiki nini?" Na akishajibiwa atauliza la pili: "Na sisi Waislamu tulifikaje huku?" Maswali yote mawili yanastahili jibu la maana.

Jemadari aliyefanywa mungu

Sanamu inayoonekana mara nyingi madukani ni ya Guan Yu, mtu mwenye uso mwekundu na ndevu ndefu. Huyu alikuwa binadamu wa kweli, jemadari aliyeuawa baada ya kutekwa mwanzo wa karne ya 3. Watu walimsifu kwa uaminifu wake. Sifa zikawa visa, visa vikawa ibada, na wafalme wa China wakazidi kumpandisha vyeo karne baada ya karne. Wafanyabiashara nao wakamchukua awe mlinzi wa mali, maana biashara bila uaminifu haiendi.

Bahari nayo ilikuwa na hekalu lake. Mwaka 594 serikali ya ukoo wa Sui ilianzisha hekalu la mungu wa Bahari ya Kusini, upande wa mashariki wa Guangzhou, na mabaharia wakawa wanakwenda kuomba salama kabla ya kutweka tanga. Ndivyo dini nyingi zilivyokua katika jamii za watu: palipo na hofu, msiba au shukrani, watu hutafuta wa kumwelekea.

Kadhi wa Khanfu

Muislamu anajua kwamba asili ya dini yake ni wahyi. Lakini namna dini ilivyofika mji fulani ikaota mizizi, hiyo ni kazi ya watu, na kwa Guangzhou tunaweza kuifuatilia.

Waarabu waliuita mji huu Khanfu. Habari zake ziliandikwa kwa Kiarabu mwaka 851. Tunasoma kwamba mzigo ulipakiwa Siraf, upande wa Iran, majahazi yakapita Muscat kuteka maji, kisha yakavuka hadi Kulam, pwani ya Malabar, mwendo wa kama mwezi mmoja upepo ukiwa mzuri. Wakifika China, maofisa waliuweka mzigo ghalani hata miezi 6, wakachukua sehemu 3 katika kila 10. Anayelalamikia ushuru leo asome hapo!

Kabla ya hapo, katika karne ya 8, Abu Ubayda Abdallah bin al-Qasim, mwanachuoni wa Kiibadhi na mfanyabiashara kutoka Oman, anatajwa kuwa alisafiri hadi China.

La muhimu zaidi katika habari za 851 ni kadhi. Mfalme wa China alimweka Muislamu mmoja awahukumu Waislamu wenzake. Sikukuu ikifika, yeye ndiye aliyesalisha, akasoma khutba na kumwombea dua khalifa. Fikiria kidogo: mtu akifia ugenini, nani atagawa mirathi? Wawili wakigombania deni, nani ataamua? Sala mtu anaweza kusali peke yake chumbani. Mirathi, ndoa na maziko vinataka jamaa.

Jamaa hiyo ilipata pigo kubwa. Kwenye miaka ya 870 waasi wa Huang Chao waliuteka mji. Abu Zayd wa Siraf aliandika kwamba waliuawa watu 120,000, Waislamu, Mayahudi, Wakristo na Majusi. Wanahistoria wengi wanaiona hesabu hiyo kubwa mno, lakini mauaji hawayakatai. Hata hivyo wafanyabiashara walirudi. Wakati wa ukoo wa Song wageni walikuwa na mtaa wao na mkuu wao, wengine wakaoa hapo hapo, na watoto wao wakakua wakisema Kichina.

Kaburi, na la kumwambia mtoto

Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara mweupe wa kama mita 36, bado upo katikati ya mji. Jiwe la mwaka 1350, lenye Kiarabu na Kichina, linaeleza namna ulivyojengwa upya baada ya moto. Wenyeji husimulia kuwa aliyeuanzisha ni Sahaba Saad bin Abi Waqqas, na lipo kaburi linalonasibishwa naye, ambako Ijumaa hujaa Waafrika, Waarabu na Wachina. Lakini vitabu vya historia ya Kiislamu vinasema Saad alifariki Al-Aqiq, karibu na Madina, akazikwa Baqii.

Mtoto aambiwe yote mawili. Masimulizi yanaonyesha mapenzi ya Waislamu wa China kwa Masahaba, na vitabu vinatufundisha kupima habari. Tukimficha moja, atalikuta mwenyewe kwenye simu, na hapo ataanza kutilia shaka hata yale ya kweli.

Pwani yetu nayo ni hivyo hivyo. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta alama za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, na juu yake mingine iliyojengwa kila watu walipoongezeka. Kizimkazi, Unguja, maandishi ya msikitini ni ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107.

Kwa walioko Muscat, somo liko karibu. Jahazi Sohar, lililoundwa Sur kwa kushonwa kwa kamba za nazi bila misumari, kama mtepe wa Lamu, liliondoka Oman Novemba 1980 likafika Guangzhou Julai 1981. Sasa limewekwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan. Mkipita na watoto, simameni, muwaambie lilikwenda wapi na kwa nini.