Kwa Nini Picha na Sauti Hazikuisha Pamoja

Wengi wenu mliiona, au mlisikia habari zake, ile diski ya kwanza ya mahafali ya kidato cha nne iliyotengenezwa na sisi wanafunzi hapa Katindiuka. Mliicheka sana, nasi tulistahili kuchekwa. Leo naomba nafasi nieleze kosa lilikuwa nini na dawa yake ni ipi, ili mwenzetu atakayepewa kazi kama hiyo asiharibu siku ya watu.

Huenda mtu akauliza: diski za nini, wakati video hupita kwenye simu? Sababu ni kwamba wazee wetu wengi hawana simu za kuonyesha video, lakini wana televisheni ndogo ya umeme wa jua na deki. Tena diski haidai bando.

Tulirekodi sherehe kwa simu, muda wa dakika 60. Tukatenga sauti ili kuisafisha, kisha tukaunganisha picha na sauti katika kompyuta na kuchoma diski. Ajabu! Picha zilikwenda dakika 72. Sauti iliisha dakika ya 60, na dakika 12 zilizobaki zilikuwa kimya kabisa. Mimi, kwa haraka yangu, nilizikata hizo dakika 12 nikadhani nimemaliza kazi.

Jioni nilimpelekea diski bibi mmoja, jirani yetu, ambaye mjukuu wake alihitimu. Tulipofika penye kugawa vyeti akasogea karibu na televisheni. Akasema, "Mjukuu wangu, huyu ni wetu, na shati hilo nimelifua mimi. Mbona anaitwa jina la mwana wa watu?" Sikuwa na jibu. Mjukuu wake, ambaye jina lake laanza na A, alikuwa anapokea cheti huku sauti ikitaja majina ya M. Na wale wa mwisho katika orodha nilikuwa nimewakata wasionekane kabisa.

Sasa tutazame sababu. Video si kitu kinachotembea. Ni picha nyingi zilizosimama, zinazoonyeshwa upesi moja baada ya nyingine. Simu yetu ilipiga picha 30 kwa kila sekunde. Diski ya DVD haikubali mwendo wowote upendao. Diski za kwetu hufuata mtindo uitwao PAL, wa picha 25 kwa sekunde, ambao chanzo chake ni umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde kama huu wetu. Marekani, wenye umeme wa mizunguko 60, walianza na picha 30. Zilipokuja televisheni za rangi mwaka 1953 wakazipunguza kuwa 29.97.

Fikirini ghala lenye magunia 300 ya mpunga. Ukitoa magunia 30 kwa siku, ghala litakwisha kwa siku 10. Ukitoa 25, litakwisha kwa siku 12. Mpunga ni ule ule. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Dakika 60 ni sekunde 3,600. Mara 30, ni picha 108,000. Programu ilizitoa zote kwa mwendo wa 25, nazo zikachukua sekunde 4,320, yaani dakika 72. Sauti haikuguswa, ikaenda kwa mwendo wake. Basi dakika ya 30 ya diski, picha zilikuwa bado ziko dakika ya 25.

Kwa hiyo, urefu usipolingana, msikimbilie mkasi. Gawanyeni urefu mmoja kwa mwingine, na hesabu itawatajia ugonjwa:

1. Mkipata 1.2, kama sisi, basi picha 30 zimechezwa kama 25.

2. Filamu ya sinema ya dakika 100 ikiwa dakika 96, basi picha 24 zimechezwa kama 25. Sauti ikifupishwa pamoja nazo hapatakuwa na kupishana, ila itakuwa nyembamba kidogo.

3. Tofauti ikikua polepole hadi kufika kama sekunde 3.6 kwa saa, basi 29.97 imechukuliwa kuwa 30.

4. Tofauti ikikua na kupungua bila mpango, basi simu yenyewe ilibadili mwendo wakati wa kurekodi. Simu nyingi hufanya hivyo, hasa penye mwanga hafifu.

5. Tofauti ikiwa ile ile toka mwanzo hadi mwisho, mwendo hauna kosa. Sauti imewekwa mapema au imechelewa; isogezeni tu.

Dawa ni kubadili mwendo kabla ya kuanza kukata na kuunganisha. Programu ya bure iitwayo MediaInfo huonyesha video ina picha ngapi kwa sekunde, na kama mwendo wake ni mmoja au unabadilika. Nyingine, HandBrake, nayo ya bure, huifanya iwe ya mwendo mmoja wa picha 25. Katika kutoka 30 kwenda 25, picha moja katika kila sita huachwa, lakini dakika 60 hubaki dakika 60, na sauti haipotei njia.

Kisha chomeni diski moja tu, ya aina inayofutika, mkaitazame kwenye deki hasa, si kwenye kompyuta peke yake. Angalieni mwanzo, katikati na mwisho. Mwanzo pekee hudanganya, maana hapo tofauti ni ndogo mno. Hata sisi tuliangalia mwanzo, tukaridhika.

Tulirudia kazi yote kutoka katika video ya simu, ambayo kwa bahati njema hatukuwa tumeifuta. Nalo ni neno la kushika: msifute video ya kwanza hata kama diski imekwisha kugawiwa. Nilipompelekea bibi diski mpya, aliitazama mpaka mjukuu wake akaitwa kwa jina lake na kupokea cheti. Hakusema neno. Aliniomba nirudishe nyuma, aone tena.