Mgeni wa maabara, usione haya kuuliza

MWANAFUNZI anapokubaliwa kwa mara ya kwanza kujiunga na maabara ya utafiti chuoni, furaha huwa kubwa nyumbani. Hata hivyo, wiki za mwanzo zahitaji uangalifu mkubwa, kwani mgeni hajui kilichomo katika kila chupa, na huona haya kuuliza asije akadhaniwa mjinga.

Haya hiyo yaweza kumgharimu maisha. Mnamo Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya kemikali yenye zebaki. Alikuwa amevaa glavu, lakini baadaye ilibainika kwamba sumu hiyo hupenya glavu za mpira wa kawaida kwa muda wa sekunde chache tu. Dalili zilijitokeza miezi kadhaa baadaye, naye akafariki Juni 1997. Ikiwa bingwa alipatikana hivyo, sembuse mgeni? Kabla ya kugusa kemikali yoyote, uliza ni glavu za aina gani zinazofaa.

Siku ya kwanza, mwombe fundi wa maabara akuonyeshe mlango wa dharura, kizima moto, bomba la kuoshea macho na sanduku la kutupia sindano. Vaa viatu vinavyofunika vidole na ufunge nywele ndefu. Usile wala kunywa chai humo, na kamwe usivute dawa kwa mdomo kwa kutumia pipeti. Koti lako liache maabarani. Usipande nalo matatu na kuwapelekea watoto viini nyumbani.

Ikiwa utafiti wako unahusu damu, pata kwanza chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa kawaida hudungwa mara tatu katika kipindi cha miezi sita. Virusi vya ugonjwa huu vyaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone lililokauka mezani. Aidha, usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika.

Je, ukijidunga? Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kuliminya wala kulifyonza. Mwarifu msimamizi na uende hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa unayochelewa hupunguza kinga hiyo. Humezwa kwa siku 28. Kemikali ikikurukia machoni, yaoshe kwa maji mengi kwa angalau dakika 15 ndipo uende kwa daktari.

Wapo wanafunzi wanaoficha ajali kwa kuogopa kukemewa. Kumbuka, mficha maradhi kifo humuumbua. Afadhali kukemewa leo kuliko kulazwa kesho.