Mzee na kazi ya kutafuta neno

Ukiuliza namna ya kulinda ukali wa akili uzeeni, mara nyingi utaambiwa: soma vitabu, jaza chemshabongo. Ushauri huo unamsahau mzee asiyejua kusoma, na katika familia zetu wako wengi. Mimi nasoma lugha za Kiafrika, na naona fani yetu ina la kumpa.

Mwaka 2013 Suvarna Alladi na wenzake walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 648 wa dimensia, ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na fikra, huko Hyderabad, India. Wasemaji wa lugha mbili au zaidi walikuwa wameanza kuugua kama miaka 4.5 baadaye kuliko wasemaji wa lugha moja. Tofauti hiyo ilionekana hata kwa wasiojua kusoma. Tafiti kadhaa zilizofuatilia wazee wazima kwa miaka hazikuona faida hiyo. Basi tusiseme kwamba lugha mbili ni chanjo. Lakini maelezo yake yanatuhusu: lugha zote mbili huwa macho kichwani, na msemaji huchagua moja huku akiizuia nyingine. Hilo ni zoezi.

Zoezi jingine ni kutafuta neno. Madaktari humwomba mtu ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika 1. Pengine humwomba maneno yanayoanza kwa herufi fulani. Hapa mwanaisimu wa Kibantu anyooshe mkono: m- ya mti, mkono na mgonjwa ni kiambishi cha ngeli, wala haimpeleki mtu kwenye shina la neno. Tena mzee asiyesoma hana habari ya herufi. Kwetu inafaa kuuliza aina za vitu.

Hapa Lubumbashi, kambo wangu namwomba ataje samaki, ndege au miti kwa Kiluba, kisha kwa Kiswahili. Akikwama, nangoja. Jioni tunategeana vitendawili. Mjomba hucheza naye kisolo, mchezo unaomtaka mtu ahesabu kete kabla ya kuzigusa.

Linalonitia wasiwasi ni jambo dogo ninaloliona katika nyumba nyingi. Mgeni anamwuliza mzee habari za ujana wake, na kijana anajibu kwa niaba yake, kwa Kifaransa, ili mazungumzo yaende haraka. Mzee ananyamaza. Sarufi inatuonyesha tofauti: kumjibu mzee ni kuzungumza naye; kumjibia ni kumnyang'anya zoezi, na pamoja nalo lugha ambayo wajukuu hawaisemi tena.

Kwa hiyo, wenzangu mnaokusanya msamiati kwa kazi za mwisho wa masomo, msiishie kwenye ziara moja. Rudini kwa mzee yuleyule, mwulizeni tena, mpeni muda. Ninyi mtapata maneno, naye atapata kazi ya kuyatafuta.