Volti 12 zinavyogoma kustaafu

Gari la mseto lenye betri kubwa ya volti 200 hivi linaweza kugoma kuwaka kwa sababu kibetri chake cha volti 12 kimekufa. Mafundi umeme wa magari wa Gerezani, Dar es Salaam, wamekizoea kisa hicho. Mwenye gari anadhani betri kubwa imekwisha na anaanza kuhesabu mamilioni, kumbe dawa ni kubusti kidude kilichojificha kwenye buti.

Kwa nini basi volti 12 hazijaziachia nafasi volti kubwa zaidi, kama 48? Muuza spea mmoja, aliyeomba jina lisitajwe, anasema swali hilo waulizwe wenye mtaji. Rafu zake zimejaa balbu, rilei, fyuzi, mota za waipa, stata na altaneta, karibu zote za volti 12, na rilei ya gari moja mara nyingi huingia kwenye jingine. Huo ndio uhai wa biashara yake. Vifaa vya volti 24 vya malori amevitengea rafu moja tu, na hata hiyo inamtia hasara: mteja akifunga balbu ya 12 kwenye lori, inaungua papo hapo, kisha anarudi kudai fedha zake. Akilazimika kuweka rafu ya volti 48, anauliza, nani atamkopesha, na ile mizigo ya zamani ataiuza wapi? Kwa maoni yake, faida ya volti kubwa hubaki kiwandani, gharama ndiyo inayosafirishwa hadi dukani.

Ofisa mmoja wa sekta ya usafiri, ambaye naye hakutaka kutajwa, analijibu lalamiko hilo kwa neno moja: robo. Volti zikipanda kutoka 12 hadi 48, ampea hushuka hadi robo kwa kazi ileile. Mzigo wa kilowati 3 unaovuta ampea 250 utavuta 62.5 tu. Waya zinakuwa nyembamba, shaba inapungua na gari linakuwa jepesi.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila si ngeni, na bado haijatosha kuwashawishi watengenezaji. Miaka ya 1950 waliziacha volti 6 kwa sababu injini kubwa zilitaka stata zenye nguvu zaidi; hapakuwa na ujanja mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja na mpango wa volti 42, na mwaka 2001 gari la mfumo huo likauzwa Japani. Miaka michache baadaye mpango ukafifia. Umeme wa volti 42 ukikatwa, cheche haizimiki upesi kama ya volti 12, bali huendelea kuwaka na kuzila rilei na swichi. Balbu za kawaida nazo zilihitaji uzi mwembamba zaidi, unaokatika kirahisi. Wakati huohuo usukani wa umeme ukawezekana kwa volti 12, na taa za LED zikapunguza ulaji wa umeme. Haraka ikaisha.

Volti 48 zilirudi Ulaya katikati ya miaka ya 2010, lakini pembeni ya volti 12, si badala yake. Mwishoni mwa 2023 pikapu moja ya umeme ya Marekani ilithubutu kuzitumia kuendeshea karibu vifaa vyake vyote. Huenda wengine wakafuata, huenda wasifuate.

Huku kwetu Afrika Mashariki mabadiliko yatakuja kupitia mtumba, kwa kuchelewa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo baadhi ya magari yaliyouzwa ng'ambo miaka ya karibuni yatafika gereji zake kabla ya mafundi kuyazoea. Fundi aliyezoea kugusisha waya kwenye bodi ili aone cheche huunguza fyuzi tu kwenye volti 12. Volti 48 hazijavuka 60, kiwango kinachohesabiwa kuwa salama kwa mguso, lakini cheche yake inaweza kuyeyusha terminali. Ofisa wetu anasema mafunzo yatatolewa. Hakusema lini, wala kwa fedha za nani.

Hadi hapo, anayenunua gari la mseto asiishie kuulizia betri kubwa. Aulize pia kile kibetri cha volti 12 kina umri gani.